Jaribio Linalosalimia Wazee

Mlinidai maandishi, haya hapa. Siku mliyoniaga kazini mlinipa blanketi zito, maana mnaijua baridi ya Lushoto, kisha Daudi wa programu akaniambia, "Mama, usituondokee na vitu kichwani." Basi vitu vyenyewe ndivyo hivi. Vyeo sitavitaja. Nilivipata viwili, na cha pili kilikuwa kile kile cha kwanza kwa jina refu zaidi. Mshahara nao mnaujua, kwa hiyo tusiharibiane siku. Nitasema kazi tu, na watu walionifundisha.

Kwa mgeni atakayeyasoma haya: ofisi yetu ni vyumba vitatu juu ya duka la pembejeo, na tunatengeneza mifumo ya kwenye mtandao. Shule inasajili wanafunzi humo, chama cha wakulima wa mboga kinapanga magari ya kushusha kabichi Mombo, hospitali inaandikisha wagonjwa. Mtu anafungua kivinjari, anaingia, anajaza, anabonyeza. Kazi yangu miaka yote ilikuwa kuhakikisha kwamba akibonyeza, kinatokea kile alichoahidiwa. Ni kazi ya kutoamini. Mume wangu husema nilizaliwa nayo, ofisi iliniongezea kiti tu.

Niliingia nikitokea kupiga chapa barua za watu karibu na stendi. Bwana Singano ndiye aliyenichukua, kwa sababu aliona vidole vyangu vina mbio. Yeye alikuwa mkuu wa majaribio, na majaribio yenyewe alikuwa peke yake. Mtu wa Magoma, kazoea joto la chini, huku juu hakuvua koti hata siku moja. Asubuhi ya kwanza alinikalisha mbele ya mfumo wa kusajili wanafunzi, akaniambia neno moja, "Uharibu," akaenda zake kunywa chai.

Mimi nimelelewa kwenye nyumba ya mwinjilisti. Kitu cha watu hakiharibiwi. Nikakaa nikajaza fomu kwa adabu zote, herufi kubwa mahali pake, tarehe za kuzaliwa zinazoeleweka. Mchana akarudi.

"Umeharibu nini?"

"Sijaharibu chochote, baba."

"Basi hujafanya kazi," akasema, akavuta kiti. Akaandika kwamba mtoto kazaliwa mwaka ujao, na mfumo ukampokea darasa la kwanza bila hata kushtuka. Akabonyeza Hifadhi mara mbili upesi upesi, mtoto akawa pacha. Nikacheka mpaka nikajisahau kwamba ni siku yangu ya kwanza. Nadhani ajira yangu ilianzia pale kwenye kucheka.

Miaka hiyo tulijaribu kwa mkono. Waandika programu wakigusa kitu kimoja, sisi tunaanza upya ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, maana ukirekebisha hapa hujui umebomoa wapi. Nimesajili watoto hewa wa kujaza shule zote za wilaya, na wote walifaulu. Halafu Singano akaenda mafunzo Dar es Salaam, akarudi na kitu kwenye kompyuta yake. Alibonyeza mara moja, akainua mikono. Kivinjari kikafunguka chenyewe. Jina likajiandika, kitufe kikajibonyeza, ukurasa ukabadilika, na mwisho ikatokea alama ya kijani kwamba yote ni sawa. Mama mfagizi alikuwa mlangoni na ndoo. Alitazama kwa muda mrefu, akauliza, "Na huyu naye analipwa?"

Nikajifunza kuandika maagizo ya yule mtu asiyeonekana. Fungua ukurasa huu, tafuta kisanduku cha jina, andika, bonyeza, kahakikishe kimehifadhiwa. Likiwa sawa ni kijani, likiharibika ni nyekundu. Ukilisikia unaona ni jambo la mchana mmoja, kumbe mimi lilinitoa jasho. Lilikuwepo jaribio linalofaulu asubuhi na kuanguka alasiri bila mtu kugusa kitu, na umeme ukikatika katikati hujui hata ulaumu nini. Mara nyingi sababu ilikuwa moja: jaribio lina haraka kuliko ukurasa. Linatafuta kitufe ambacho bado hakijachorwa, halikioni, linaanguka.

Dawa ya wavivu ni kuliambia jaribio lilale kidogo, lihesabu sekunde halafu liendelee. Nami niliandika hivyo, nikajiona mjanja. Singano aliukuta ule mstari akaufuta mbele yangu.

"Jaribio halilali, Eliwaza. Unasubiri kitu, husubiri saa. Mwambie angoje mpaka kitufe kionekane. Kikionekana sasa hivi, aende sasa hivi."

Alikuwa sahihi, na nikaishika amri hiyo kuliko baadhi ya zile za kanisani. Mnanijua. Hakuna hata mmoja wenu ambaye sijamfutia usingizi kwenye jaribio lake, na Daudi nilimfutia mara nyingi hadi akaacha kunisalimia kwa siku kadhaa. Singano alistaafu akashuka kwao Magoma kulima, na hadi leo akipiga simu, kabla ya habari za watoto anauliza, "Hawalazi majaribio huko?" Kila nilichojua kabla ya ile hospitali nilikipata kwake, na namshukuru, koti lake na yote.

Sasa hiyo hospitali. Daudi anataka niieleze vizuri kwa ajili ya wale waliokuja baadaye.

Ni hospitali ya huku huku milimani, sina haja ya kuitaja. Tuliiundia mfumo wa mapokezi. Mgonjwa anafika dirishani, karani anaandika jina, umri, kijiji na anachoumwa, anabonyeza Hifadhi, na daktari chumbani kwake anayaona. Ukurasa unarudi mtupu kumngoja anayefuata. Mambo yalikwenda vizuri, hadi Katibu wa hospitali akapiga simu. Wapo wagonjwa wanaofika kwa daktari na majina yao hayapo. Wanarudishwa kwenye foleni kuanza upya. Bibi mmoja alipandishwa na kushushwa ngazi mpaka akakaa chini, akasema kama ni kufa atafia pale pale.

Tukaendesha majaribio yetu yote. Kijani. Tukayarudia tukiwa tumeupunguzia mfumo kasi ya mtandao. Kijani. Daudi, ambaye aliuandika mfumo, alisajili wagonjwa kwa mkono wake mpaka chai ikapoa. Kila mmoja alifika kwa daktari.

Katibu hakuwa mkorofi. Alikuwa mtu mzima wa rika langu, mwangalifu, na aliwauliza madaktari wanaopotea ni akina nani hasa. Jibu likawa moja: ni wazee. Na wazee wote hao walipita dirisha la karani mmoja, Mwanaidi, binti wa Lukozi. Dirisha la pili alikaa kijana aliyetoka Kanda ya Ziwa, na kwake hakupotea mzee hata mmoja. Basi ikasemwa, kwanza pembeni, halafu kwenye kikao cha asubuhi mbele ya wafanyakazi wote, kwamba Mwanaidi anadharau wazee. Vijana anawaandika, wazee anawapitisha tu. Akaambiwa aje ajieleze mbele ya kamati, na akishindwa aondoke. Tulipowapa taarifa kwamba majaribio yote ni kijani, tulikuwa tunammalizia kabisa.

Hilo lilinikaa vibaya. Nikapanda gari kwenda kumwona.

Nilimkuta nyuma ya mapokezi anakunja makoti ya wauguzi. Akasimama mara moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi ndiye mwenye yale majaribio."

"Yanasemaje?"

"Yanasema mfumo hauna kosa."

Akaitikia kwa kichwa, hakubisha. "Kazi sio kitu, mama. Nitauza hata kabichi. Ila baba amesikia. Lukozi ni padogo. Tangu Ijumaa namwamkia, haitikii."

"Haitikii kabisa?"

"Namwambia shikamoo, anatazama ukutani. Mama ndiye ananipa chakula, yeye haniangalii."

Nyinyi wa huku hamhitaji maelezo. Wengine niwaambie tu kwamba kwetu mzazi anaweza kukugombeza, anaweza kukuchapa, lakini marahaba anakupa. Akikunyima hiyo, umesimama mlangoni kwenu huna pa kuingilia. Na baba yule alikuwa na hoja yake: kama mwanangu anadharau wazee wa watu huko hospitali, shikamoo ananipa ya nini mimi? Nilimtazama yule binti, wa umri wa binti yangu, nikaumia moyo.

Nikamwambia arudi dirishani afanye kazi kama siku zote, na asinijali. Nikaketi kwenye benchi la wagonjwa, nimejifunga kitenge mabegani, nikatazama.

Vijana walipita upesi. Jina, umri, kijiji, pita. Halafu akaja mzee mmoja na mkongojo. Mwanaidi akainuka kwenye kiti. "Shikamoo, baba." "Marahaba." Akaketi, akamwuliza jina, akaanza kuandika. Shekiondo. Hapo vidole vikasimama.

"Shekiondo wa wapi, baba?"

"Wa Mtae."

"Ndiye baba yake mwalimu?"

"Ndiye mimi."

Binti akaondoa mikono kwenye kompyuta, akainuka mara ya pili, akapitisha mikono yote miwili dirishani. Maana sasa alikuwa anamjua ni nani, na ile shikamoo ya kwanza aliyompa kama mtu yeyote haikutosha tena. "Onga makeo," akaanza salamu upya kwa Kishambaa. Akauliza habari za nyumbani, za mama, za watoto mmoja mmoja, za mguu, za viazi na mvua. Akampa pole ya msiba. Mzee naye hakuwa na haraka. Akauliza za kwao Lukozi, na baba hajambo, na Mwanaidi akajibu hajambo bila sauti kumtetemeka. Foleni nzima ilingoja, na hakuna aliyenung'unika, maana kila mmoja alijua zamu yake ya kuulizwa inakuja. Kwenye skrini fomu ilikuwa imekaa na jina peke yake.

Alipoketi aliandika yaliyobaki akimtazama mzee usoni, akabonyeza Hifadhi. Ukurasa wa kuingia ukatokea. Jina lake na neno la siri kivinjari kilikuwa kinavikumbuka, akabonyeza Ingia bila kufikiri, kama mtu anayefunga mlango unaorudi nyuma kila siku. Ukatokea ukurasa mtupu, ule ule unaotokea baada ya kuhifadhi. "Pita kwa daktari, baba."

Nikanyanyuka nikamfuata yule mzee hadi mlangoni kwa daktari. Nikasikia kwa masikio yangu: "Baba, mbona jina lako halipo?" Nikarudi kwenye benchi nikakaa.

Mfumo ukikaa kidogo bila kuguswa, unamtoa aliyeingia. Hospitali yenyewe ndiyo iliyotuomba hivyo, ili mpita njia asisome magonjwa ya watu pale dirishani, na ilikuwa na haki. Mwanaidi alikuwa anatolewa wakati amesimama anamsalimia mtu, na alichoandika kinatupwa. Yule kijana wa dirisha la pili naye alikuwa na adabu zake, ila wazee wetu yeye hawajui, hana la kuwauliza, anawaamkia huku anaandika. Majaribio yetu je? Yalisajili mgonjwa kwa muda wa kupiga chafya, na hayakumwuliza mtu habari za nyumbani. Waliopotea walikuwa ni wale ambao Mwanaidi aliwaheshimu kuliko wote.

Niliporudi ofisini niliandika jaribio jipya. Ingia. Andika jina la mzee. Kisha nikaandika ule mstari ambao nimeufuta kwenye kazi za watu maisha yangu yote: lala. Nikaupa muda wote wa salamu, kuanzia onga makeo mpaka pole ya msiba. Halafu jaza yaliyobaki, hifadhi, katazame kwa daktari. Kwa utaratibu wetu kazi yangu lazima isomwe na mwingine kabla haijaingia, na msomaji alikuwa Daudi. Akaja mezani kwangu uso umemng'aa, amenisubiri siku nyingi.

"Mama, hapa umelaza jaribio. Si wewe uliyetukataza? Tunasubiri kitu, hatusubiri saa."

"Hapa siusubiri mfumo, Daudi. Namsubiri mtu."

Nikamweleza niliyoyaona. Ule mng'ao ukamtoka usoni. Akasoma tena mstari kwa mstari, akaukubali, akaomba twende naye.

Siku ya kamati tuliwasha projekta kwenye ukuta wa chumba cha mikutano. Katibu mbele, wajumbe wanne watano, Mwanaidi karibu na mlango, ushungi umeshushwa hadi kwenye nyusi. Nikasema machache, nikaanzisha jaribio. Kivinjari kikafunguka ukutani, kikaingia kwa jina la karani, kikaandika jina la mzee wa kubuni. Kikasimama.

Watu wakatazama. Mjumbe mmoja akakohoa. Ilipoendelea kusimama Katibu akanigeukia.

"Limekwama?"

"Hapana, mzee. Linasalimiana."

"Linasalimiana na nani?"

"Na mgonjwa. Amemtambua kwao. Hapa sasa anamwuliza mama hajambo."

Tukangoja. Ukingoja hivyo bila kazi mkononi unajua salamu zetu zina urefu gani, na hakuna aliyethubutu kusema zipunguzwe huku nyingine zinaendelea ukutani. Kisha herufi zikaanza tena, umri, kijiji, ugonjwa, Hifadhi. Ukurasa wa kuingia ukatokea. Jaribio likaingia upya, likaenda kumtafuta mzee kwa daktari, halikumwona. Nyekundu.

Daudi akaeleza kwa nini, kwa maneno mepesi. Akafunga kwa kusema wagonjwa wote waliopotea, ndivyo walivyopotea. Katibu akamwuliza Mwanaidi, taratibu sana, "Kwa hiyo hao ni wale uliokuwa unasimama kuwasalimia?"

"Ndio, baba. Niliokuwa nawajua."

Mama mmoja mjumbe akashauri, kwa nia njema, kwamba basi makarani wafundishwe kusalimia kwa kifupi. Daudi hakumpa nafasi ya kumaliza. "Mfumo ndio utakaongoja, mama. Kinachoandikwa kitajihifadhi chenyewe, na akikaa skrini itajificha, haitafuta kitu. Naanza leo." Nilimfundisha mimi yule kijana, na siku hiyo nilijivuna waziwazi, wala sikujificha.

Katibu akainuka. Mtu mzima vile, akasimama mbele ya karani wake. "Mwanangu, nilikusema vibaya mbele za watu. Nafuta mbele za watu." Mwanaidi akasema asante, baba, lakini macho hayakuinuka. Katibu akaniangalia mimi, kana kwamba amekosea mahali. Nikamwambia kuna mmoja hayupo chumbani, na huyo ndiye mwenye neno.

Alielewa mara moja, yeye naye ni wa huku. Akaomba namba, akapiga, akaweka sauti ya nje, simu juu ya meza. Wakasalimiana na yule baba wa Lukozi kwa Kishambaa, salamu zote, na hakuna aliyetazama saa. Kisha akamweleza. Kwamba alimsingizia binti yake, kwamba kosa lilikuwa la mashine, na mashine ilikuwa inampoteza kila mzee ambaye binti alisimama kumsalimia na kumwuliza habari za nyumbani. "Amelelewa, mzee mwenzangu. Amelelewa vizuri. Naomba radhi kwako."

Katibu akaisukuma simu mezani kuelekea mlangoni. Mwanaidi akasogea, akapiga goti kidogo mbele ya meza, kama vile baba yake anamwona.

"Shikamoo, baba."

Tukangoja. Nimesubiri kurasa nyingi zifunguke katika maisha yangu, sijasubiri kitu vile. Nilisikia mzee anavuta pumzi, nikasikia mbuzi wake nyuma.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Umekula?"